Baridi Inatoka Chini

Prof wetu wa jiografia alivaa makoti mawili kwa wakati mmoja. La ndani aliliita koti la kazi, la nje aliliita koti la Butembo. Sisi watu wa Kimemi, mtaa wa Butembo, hatukujua kwamba tunaishi kwenye baridi mpaka serikali ilipotuletea mtu wa kutetemeka. Alitumwa kwetu kutoka Kisangani, kwenye joto la mtoni, na alitetemeka kwa niaba ya mji mzima. Akichora mto ubaoni, chaki ilitikisika hata mto ukapata mawimbi. Hapo nimeongeza chumvi kidogo. Nitakuwa naongeza, lakini nitakuambia kila nikiongeza, isipokuwa nikisahau.

Tulimwita Prof tu, kama tunavyowaita walimu wote wa sekondari. Jina lake lilikuwa kwenye karatasi za bureau, na kwa mimi libaki hukohuko.

Shule yetu ilikuwa ya jioni, ya watu wazima waliokatiza masomo. Tulikuwa na waashi, wenye pikipiki, mimi fundi wa kushona, na mama mmoja muuza maharage ambaye darasa zima lilimwita Mama Maharage. Tulifika na uchovu wetu, tukabanana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa masikio. Prof alitufundisha kama vile sisi ni mawaziri. Hakupiga kelele, hakutukana. Silaha yake ilikuwa swali moja, akilitoa polepole akikutazama juu ya miwani:

"Uliona, ao uliambiwa?"

Swali hilo liliniumiza mimi kuliko wote. Jioni moja nilichelewa, nikaingia nikihema, nikasema mvua imebeba daraja.

"Uliona, ao uliambiwa?"

"Niliambiwa, Prof."

"Basi ikala, kaa chini. Niko natoka kupita juu yake sasa hivi. Linakusalimia."

Mtu wa namna hiyo, unafikiri, ukimrudishia swali lake atafanya nini? Sisi hatukuthubutu. Aliyethubutu ni Mama Maharage. Prof alikuwa amechora mlima wa Ruwenzori, ule unaoonekana kutoka Beni anga ikiwa safi. Chini aliweka msitu, katikati mianzi, halafu kileleni akapaka chaki nyeupe mpaka vumbi likamwingia puani. "Hii ni neige," akasema. "Theluji. Inaanguka laini kama unga, inalala, inakuwa barafu."

Mama Maharage akainua mkono, ule mkono wa kupimia maharage, ambao hauna mchezo.

"Prof, minaomba pardon. Ile neige, weye uliionaka? Ao balikuambiaka?"

Nilisikia mbu akifikiri. Prof alitazama mlima wake kwa muda mrefu. Alikuwa amefundisha somo hilo tangu kabla wenye pikipiki wetu hawajazaliwa. Hatimaye akaweka chaki chini.

"Balinambiaka," akasema.

Akainua mkono wa koti la Butembo, akafuta kilele. Mlima ukabaki bila kichwa. "Nitaenda kuigusa. Nitalala kule usiku moja, halafu nitarudi kuwaambia. Mpaka siku ile, hii fasi itabaki wazi."

Na ilibaki wazi. Miaka iliyofuata kila darasa jipya lilinakili mlima usio na kichwa. Habari za theluji tulilazimika kuwauliza marafiki wa shule nyingine, kwa siri, kama watu wanaotafuta dawa ya aibu. Wengi tulicheka: mtu anayetetemeka Kimemi mchana anataka kulala kwenye barafu! Lakini yeye hakucheka. Kustaafu kulikuwa kunamkaribia, na goti lake la kushoto lilikuwa limekwisha kustaafu kabla yake. Alijua akichelewa kidogo tu, atakufa akiwa ameambiwa.

Sasa nikueleze wavu, maana bila wavu humwelewi.

Prof hakulala kitandani. Alilala ndani ya wavu wa nailoni uliofumwa na wavuvi, akaufunga huku na huku kwa kamba, ukaning'inia katikati ya chumba chake. Alizoea hivyo kwenye mashua za mtoni, akisafirishwa kutoka shule hadi shule. Kitanda, alisema, ni bunge la kunguni, na mgongo wake haukuchaguliwa kwenda kuhutubia. Majirani zake wa Kimemi walipoona wavu kwa mara ya kwanza waliuliza kama anauza samaki. Baadaye watoto wao walikuja kuchungulia dirishani saa ya mapumziko ya mchana, wakarudi nyumbani na habari kwamba mwalimu amenaswa.

Mtu huyohuyo aliyekataa kitanda aliwasifu watu wanaolala kitandani. Alimpongeza kila bwana harusi kwa godoro. Alipenda joto kuliko sukari, lakini hakuruhusu babula, lile jiko la makaa, kuingia chumbani mwake, hata baridi ikiwa ya kuuma meno. "Makaa mu chumba ya kufungwa hainaga rafiki," alisema. "Inakupasha, inakubembeleza, asubuhi banakubeba." Hilo alikuwa ameliona, hakuambiwa. Hakutaka kuulizwa wapi.

Alikuwa mkarimu wa daftari, wa kalamu, hata wa chakula chake. Blanketi hakumwazima mtu. Nilipomwomba moja siku nilipopata mgeni, alinitazama kama nimemwomba figo.

Kuhusu theluji, Prof alipata mwongozaji wa upande wa Mutwanga, chini ya mlima, mtu mfupi mwenye mashavu ya miguu kama mitungi, aliyekuja Butembo kununua viatu. Prof alimweleza nia yake na wavu wake. Mwongozaji akayahesabu makoti kwa macho, mpaka mawili, akacheka mpaka akaketi.

"Papa, kule juu mutu hapana kufa na simba. Ni malili njo inaua." Malili ni baridi kwa Kilingala, na alilitamka kama jina la jirani mbaya. "Sikiliza. Wende Kipese. Lala inje usiku moja mu ile wavu yako, bila moto, bila kuingia mu nyumba. Ukiamuka unacheka, unaniita, minakupandisha. Ukiamuka unalia, bakia na jiografia yako."

Sharti likawa hilo. Na mimi nikaingia katika habari hii kwa sababu Kipese, kijiji cha juu milimani, nina shangazi.

Shangazi yangu analima viazi na maharage kwenye mteremko ambao mbuzi wenyewe wanaushuka kwa matako. (Nimeongeza.) Huko baridi haiji na upepo kama mgeni, inaishi pale, ina shamba lake. Kwa Kinande tunaiita embeho, na mtu wa Kipese akilitaja neno hilo hukunja mabega hata kama ni saa sita mchana. Shangazi alimtazama Prof akifunga wavu kati ya nguzo ya ghala na mti wa uani.

"Weye mwana," akaniambia pembeni, kwa sauti ya kusikika mpaka Lubero, "huyu muzee umenileteya, ni mutu ao ni popo?"

"Ni prof, Shangazi."

"Akikufia huku, serikali itaniuliza miye. Nitajibu nini? Nilianika prof wenu, hakukauka?"

Prof alisikia yote. Akainama kwa heshima. "Mama, nikikufa, ambia serikali nilikuwa mu kazi."

Mara ya kwanza alijifunika blanketi tano, zote juu. Alionekana kama gunia la mizigo lililosahaulika hewani. Asubuhi tulimkuta jikoni, amekumbatia sufuria, mgongo umechorwa miraba na ule wavu kama daftari la hesabu. Alikuwa ameingia nyumbani, kwa hiyo sharti limeshindwa. Lakini hakuwa na huzuni. Macho yalimwaka.

"Fundi," akaniambia, meno yakigongana, "baridi inatoka chini!"

Akaeleza kwamba blanketi za juu hazifiki mgongoni, na hata uliyoilalia haikusaidii, kwa sababu umeiponda, na iliyopondwa haina hewa ndani, na kinachopasha mtu ni ile hewa iliyofungwa. Unaweza kujifunika milango ya kanisa, mgongo utaganda tu. Shangazi akasema yeye alijua hilo tangu alipozaliwa, ndiyo maana watu wa Kipese wanalala kitandani.

Mara ya pili tulirudi na ujanja. Tulichukua gunia la viazi, tukalijaza maganda makavu ya maharage, tukalifunga chini ya wavu, tumboni mwake, liguse kidogo lisipondwe. Prof akalala. Alfajiri alisimulia kwamba sehemu ya kwanza ya usiku alisikia joto la ajabu likipanda kutoka chini, joto lenye uhai, likija na kuondoka kama pumzi. Alilala huku anatunga hotuba ya kuwashukuru wanasayansi. Halafu joto likakoma ghafla, na embeho ikampiga mgongoni kama mlango.

Ilikuwa pumzi kweli. Mbuzi watatu wa Shangazi walikuwa wamesimama chini yake wakila maganda kupitia matundu ya gunia. Walipomaliza blanketi ya chini, wakaenda zao.

Shangazi alicheka mpaka akashika ukuta wa ghala. "Prof! Mbuzi njo balikufundisha leo!"

"Nilibaona, Mama," akajibu Prof, kwa uchungu wa mtu mkweli. "Moja alinitazama. Alikuwa anatafuna."

Kwa wiki nyingi nilimsimulia kila mteja wa cherehani yangu habari za mbuzi hao. Nilipofika mbuzi kumi na wawili na fahali mmoja, Prof alinisimamisha mbele ya darasa na kusema, "Tatu, Fundi. Bilikuwa tatu. Mbuzi hapana kuzaa mu mudomo yako." Hakukubali kitu kiongezwe hata kama kinamfurahisha. Mtu akisema uongo mdogo wa adabu, kwamba chakula kilikuwa kitamu wakati kilikuwa cha moto tu, Prof aliuliza kama aliona au aliambiwa.

Sasa tuingie kwenye kazi yangu, maana hapa najivuna bila kuongeza. Nilisema: Prof, kitu ambacho mbuzi hali ni mwavuli. Butembo mvua inavunja miavuli kila siku, na wenyewe wanaitupa. Nilikusanya vitambaa vyake, vyepesi, visivyopitisha upepo. Vingi vilikuwa miavuli ya kampeni, yenye uso wa mheshimiwa mmoja aliyekuwa akigombea, akitabasamu kwa meno yote. Nilikata, nikaunganisha, ikawa blanketi mpya ya chini. Ndani nikatia sweta za mitumba nilizozichambua kwa mikono mpaka zikawa kama pamba, pamoja na manyoya ya kuku yaliyooshwa na kukaushwa. Nilishona miraba, ishirini na minne, kila mraba umefungwa peke yake, ili vitu vya ndani visikimbilie upande mmoja kama watu wa msibani wakisikia sahani. Mheshimiwa alikatika vipande: hapa jicho, pale sikio, kule meno. Ukilala juu, serikali nzima ilikubeba mgongoni.

Prof aliigusa kwa kiganja, akaipuliza, akaisikiliza. "Fundi," akasema, "hii ni diploma." Hakuwahi kunipa sifa nyingine, wala sikuhitaji.

Mara ya tatu alifanya mambo kwa utaratibu wa ibada. Alikula maharage na mawese mpaka akatoka jasho, maana mwili, alisema, ni jiko, haliwaki bila kuni. Alitembea kuzunguka ghala mpaka damu ikachangamka, lakini hakutoka jasho tena, kwa sababu jasho likipoa linakuwa adui. Alikojoa, akarudi kukojoa tena, "ya akiba." Akavaa soksi ambazo hazijawahi kuona kiatu, soksi za kulalia tu, akazitoa kwenye mfuko wa plastiki kama hati ya nyumba. Kofia ya sufu. Bidoni ndogo ya maji ya moto, ndani ya mkono wa sweta, katikati ya mapaja. Pua aliiacha nje. Ukipumua ndani ya blanketi, alisema, unajinyeshea mvua mwenyewe.

Shangazi alifunga mbuzi zizini kwa kamba mbili. Asubuhi umande ulikuwa mgumu kwenye majani, unavunjika ukiukanyaga, na hilo nililiona, sikuambiwa. Tulisimama mimi na Shangazi mbele ya wavu. Shangazi akashika msalaba wake shingoni.

"Prof," akaita. "Prof, ukiko?"

Wavu ukatikisika. Kwanza kidogo, halafu kwa nguvu. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka kamba zikalia, na bidoni ikaanguka ikabiringika mteremkoni, na mimi sikuikimbilia kwa sababu nilikuwa nimeketi kwenye umande, nacheka pia.

Alimwita mwongozaji kwa simu palepale, amelala hewani. Mwongozaji akasema sawa, mvua zikiisha.

Mvua zikaisha. Lakini barabara ya kwenda huko ikafungwa, unajua kwa nini, sote tunajua kwa nini, na watu wa vijiji vile wakaanza kukimbia bunduki, wakija mjini na magodoro kichwani, wengine bila godoro. Mlima ukawa wa kutazamwa tu. Prof alikunja blanketi ya chini, akaiweka ndani ya gunia pamoja na soksi zake, akaendelea kuchora milima isiyo na kichwa. Sisi tukafanya mtihani wa serikali. Nikapata diploma yangu, ile ya pili, nikiwa na watoto wanne na mvi tatu. Mwaka huohuo wakamhamishia Beni.

Nilimwona tena mwaka huu, nilipopeleka Beni kanzu za wanakwaya. Nilimpita mara mbili uani mwa shule kwa sababu hakuwa na koti hata moja. Bila makoti alikuwa mdogo, kama mwanafunzi aliyezeeka. Wavu wake ulikuwa umefungwa kwenye nguzo za baraza, ukielekea mashariki. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na kusafisha anga, na kule mbali mlima ulikuwa umejitokeza wote, pamoja na kichwa. Cheupe.

"Fundi! Keti. Mwongozaji aliniita kwa simu juma lililopita. Anasema pengine njia itafunguka hii saison ya jua."

"Bon, Prof! Basi tayari. Blanketi ya chini iko wapi?" Nilikuwa nimeinama kutazama kazi yangu. Chini ya wavu kulikuwa na hewa tupu.

Prof akavua miwani, akaifuta na shati.

"Mbuzi balikula," akasema.

"Tena?"

"Tena."

Nilikuwa karibu kuamini, kwa sababu alikuwa yeye. Lakini mtu akinywa chai hutafuta choo, na njia ya chooni inapita kwenye madarasa. Nusu ya shule ile sasa inakaliwa na familia zilizotoka vijijini. Wanalala kwenye saruji. Beni ni joto mchana, ndiyo, lakini saruji haina habari hiyo, alfajiri inanyonya mgongo wa mtu kama ng'ombe anavyonyonya mto. Mlangoni palikuwa na mtoto mchanga kwenye mkeka, amelala chali, ngumi juu ya masikio. Chini yake, jicho moja la mheshimiwa lilinitazama.

Mtoto wa pili alilalia sikio. Wa tatu alikojolea meno, na ndiyo mara ya kwanza nilimwona mheshimiwa yule akipokea kitu kutoka kwa raia bila kuomba. Kila mraba wa ile ishirini na minne ulikuwa umekatwa kandokando ya mshono wangu, kwa uangalifu, ili vitu vya ndani visimwagike. Kingo zilikuwa zimeshonwa upya kwa mkono wa mtu asiyejua sindano: mshono ulipanda na kushuka kama barabara ya Lubero.

"Ni ule muzee wa wavu njo alitupatia," mama wa mtoto akaniambia. "Alituambia: hapana weka juu, weka chini. Baridi inatoka chini."

Nilirudi barazani. Nilipita uani kote nikitafuta kwato, mavi, hata harufu. Beni wanafuga mbuzi, lakini pale hapakuwa na mbuzi hata wa kuchorwa. Prof alikuwa amelala kwenye wavu wake, anatazama theluji, mikono kifuani.

"Prof," nikasema, nikamtazama juu ya miwani nisiyokuwa nayo. "Wale mbuzi. Uliona, ao uliambiwa?"

Hakugeuka. Alikaza shingo kama mtoto aliyeshikwa na sukari mdomoni.

"Niliona," akasema. "Na macho yangu. Bilikuwa makumi mbili na ine."

Mimi ni mtu wa kuongeza chumvi tangu nilipoanza kusema, na najua uongo wa mtu anayejifunza. Nilimpa kumi juu ya kumi. Nikamwambia miavuli inaendelea kuvunjika Butembo, kwamba nitashona nyingine kabla njia haijafunguka, sawasawa na ile ya kwanza.

"Shona," akasema. Akawaza kidogo, mlima ukiwa mbele yake wote. "Lakini, Fundi, hii mara, miraba ikuwe midogo-midogo. Mbuzi za huku ziko na kinywa kidogo."